Jicho la nyuma ya darasa: chuo cha ualimu kinamfanyia mtu nini?

"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na amepata daraja la tatu. Anataka kwenda chuo cha ualimu, afundishe watoto wa madarasa ya chini. Mjomba wake anasema vyuo hivyo ni kimbilio la waliokosa pa kwenda, na kwamba mtu anayejua somo hana haja ya kufundishwa kufundisha. Afadhali aende kidato cha tano, ualimu atausomea chuo kikuu akitaka. Babu yake, aliyesoma Mpwapwa mwaka 1958, anasema vyuo vya enzi zake ndivyo vilikuwa vyuo, vya leo ni majengo tu. Mimi ni fundi seremala, sijui nimsikilize nani. Vyuo hivi vilianzishwa kwa ajili gani, vinamfanyia mtu nini hasa, na je, nimruhusu aende?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo, maana mabishano ya babu na mjomba nimeyasikia kwenye vyumba vya walimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa mwanachuo, nikafundisha shule ya msingi, kisha nikarudi chuoni kama mkufunzi mpaka nikastaafu. Kwa hiyo ujue mapema kwamba mimi si refa asiye na timu. Nitajitahidi kusema kweli hata pale timu yangu ilipofungwa kihalali.

Nikikuelewa vizuri, unachoogopa ni kumpeleka mtoto mahali atakapomaliza miaka yake na kutoka na karatasi isiyo na uzito. Ni hofu ya haki. Ila hatuwezi kuipima kabla hatujajua chuo kinafanya kitu gani ambacho sekondari haifanyi, kwa hiyo nianze na mjomba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la tatu, kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yaguse kidevu, fomu ya tathmini mapajani. Mbele alikuwepo kijana wa mwaka wa kwanza, mkali wa hisabati kweli kweli, anafundisha kutoa. Aliandika ubaoni 52 – 27, akaeleza kwa ufasaha, akatoa zoezi, akaanza kupita na kalamu nyekundu. Daftari la mtoto mmoja lilikuwa na jibu 35. Akapiga kosa. Swali lililofuata lilikuwa 81 – 46; mtoto ameandika 45. Kosa tena. Alipofika mwisho wa zoezi akaandika chini "Ongeza bidii", akahamia dawati la pili.

Hebu ziangalie zile namba tena. Mtoto yule hakubahatisha. Mbili kutoa saba aliona haiwezekani, basi akachukua saba akatoa mbili, akapata tano. Tano kutoa mbili, tatu. Jibu 35. Kwenye 81 na 46 akafanya vivyo hivyo: sita kutoa moja, tano, nane kutoa nne, nne. Majibu yake yote yalitoka kwenye kanuni moja, kwamba ndogo inatolewa kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu. Na kanuni hiyo aliitoa wapi? Dakika ishirini kabla, kijana wangu alikuwa amesema kwa sauti ya kujiamini, "Kumbukeni, namba kubwa haitolewi kwenye namba ndogo." Mtoto alitii. Bidii alikuwa nayo tele. Alirudia kosa lile lile swali baada ya swali bila kuchoka.

Kipindi kilipoisha tulikaa chini ya mti na vijiti: mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa uzi, na vijiti viwili vya peke yake. Nikamwambia kijana, nipe ishirini na saba. Akanipa mafungu mawili bila shida. Alipofika kwenye saba akasita, akaniangalia, akafungua uzi wa fungu moja. Hakusema kitu kwa muda. Tangu akiwa na miaka minane alikuwa anasema "kopa kumi", na siku ile ndiyo aliona kumi inayokopwa inatoka wapi na inafanywa nini. Kesho yake aliingia darasani na mfuko wa vijiti.

Ndiyo maana sikubaliani na mjomba, ingawa nusu ya hoja yake ni sahihi. Asiyejua somo hawezi kulifundisha, na chuo kinachopokea watu dhaifu wa hisabati kitatoa walimu dhaifu wa hisabati, tusidanganyane. Lakini kulijua somo kuna dhara moja dogo: mtu akishajua jambo barabara, husahau njia aliyopitia kulijua. Kwake 52 kutoa 27 ni 25, basi. Mwalimu anahitaji ujuzi wa pili, wa kusoma kosa la mtoto kama fundi redio anavyosikiliza mkwaruzo akajua ni kifaa gani kimelegea. Anahitaji kujua kipi kitangulie, swali gani litamfanya mtoto aonyeshe alivyofikiri, na neno lipi ukilisema leo litakuletea balaa mwezi ujao.

Ujuzi huo haukai kwenye nukuu za daftari. Mwalimu mpya akisimama mbele ya watoto sitini, akili yake yote inaliwa na mambo madogo: mwandiko ubaoni unapanda kilima, sauti inakauka, dakika zinakwenda, kuna mmoja dirishani anaangalia mbuzi. Haoni daftari la mtu. Haoni hata kwamba ameongea na ubao dakika tano akiwa amelipa darasa mgongo. Lazima awepo mtu mwingine anayeona kwa niaba yake, amwambie, kesho yake amwangalie tena, na tena, mpaka ubao na sauti na muda viwe mazoea na macho yapate nafasi ya kuwatazama watoto. Na kabla ya hapo awe ameandika andalio la somo, likasomwa na mtu, likarudishwa na maswali pembeni.

Wewe ni seremala, hili huhitaji nikueleze sana. Kijana anaweza kukariri majina ya randa zote, na siku ya kwanza ataranda kinyume cha nyuzi za mbao mpaka fundi amshike mkono. Chuo cha ualimu ni karakana ya namna hiyo. Madarasa ya saikolojia, falsafa ya elimu na mbinu za kufundishia yana kazi yake, lakini moyo wa chuo ni yule mtu mwenye fomu kwenye dawati la nyuma. Shika hilo, kwa sababu historia nzima ya vyuo vyetu naisoma kwa kipimo hicho.

Neno lenyewe tulikuwa nalo zamani. Pwani, chuo kilikuwa kitabu, na chuoni ni mahali mtoto alipopelekwa kwa mwalimu kujifunza Kurani, miaka mingi kabla Mzungu hajafungua shule. Chuo kwa maana ya mahali pa kuwaandaa walimu wa shule kilikuja na misheni. Waanglikana wa misheni ya UMCA walihamia Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kwenye kazi hiyo kikakua Chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, kilichowaandaa vijana kuwa walimu na makasisi kisha kuwatuma bara, kina Magila na Masasi. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri mwaka 1890, ni zao la hapo. Mwaka 1925 chuo kikahamia Minaki, upande wa Kisarawe, na baadaye Minaki ikawa sekondari tunayoijua. Walutheri nao walikuwa wakiandaa walimu Marangu, chini ya Kilimanjaro, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tazama shabaha ya wakati ule. Mwalimu wa misheni ndiye aliyefundisha kusoma wiki nzima na ndiye aliyeongoza sala Jumapili. Wajerumani, walipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890, walitaka makarani na watumishi wa utawala wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili, pamoja na walimu wa kuendeleza kazi hiyo kwingine. Hakuna aliyeanzisha chuo kwa sababu ya mtoto na daftari lake la hesabu. Mtoto alikuja kukumbukwa polepole.

Waingereza waliichukua Tanganyika wakakuta shule nyingi za vijijini zikiendeshwa na walimu ambao wenyewe walikuwa wamesoma miaka michache tu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika, ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na baada yake mambo yakasogea. Kabete, nchini Kenya, ilifunguliwa Shule ya Jeanes mwaka 1925 kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini na kuwasaidia wenzao papo hapo. Ninawapenda watu wale, kwa sababu walikuwa lile jicho la nyuma ya darasa likitembea kwa miguu. Huku kwetu Mpwapwa ikaanza mwaka 1926 kama chuo cha serikali, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaziwekea shule za misheni ruzuku kwa masharti, ukaguzi ukiwa mojawapo.

Hapo ndipo anapoingia babu wa binti yako, na naomba umsalimie sana, shikamoo yangu imfikie. Anasema kweli kwa nusu. Mpwapwa ya 1958 ilikuwa chuo kweli. Kumbuka alifikaje: alivuka mtihani wa darasa la nne uliowaacha wenzake wengi nyumbani, akasoma shule ya kati, akavuka wa darasa la nane. Kwa kijana Mwafrika aliyefika hapo milango ilikuwa ya kuhesabu: ukarani, uuguzi, ubwana shamba, ualimu. Kwa hiyo ualimu ulipata vijana hodari bila kuwabembeleza. Mwanachuo alilala chuoni, wanachuo walikuwa wachache, mkufunzi alimjua kila mmoja kwa jina na kwa mwandiko. Nusu anayoisahau ni kwamba watoto wengi wa umri wake hawakuona ubao kabisa. Ubora wa chuo chake ulisimama juu ya uchache huo. Serikali ya nchi huru isingeweza kuendelea hivyo, na isingekuwa haki.

Baada ya uhuru vyuo vidogo vidogo viliunganishwa, na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali. Kati yake, mwaka 1967, ikaja Elimu ya Kujitegemea, na chuo kikawa pia shamba. Sisi tulilima mahindi ya chuo, tukafuga kuku, tukaimba kwenye paredi asubuhi. Wengine wanakumbuka kwa uchungu. Mimi nakumbuka kwamba niliyejifunza kupanga bustani ya chuo sikupata shida kupanga bustani ya shule kijijini. Rais wa wakati ule, Nyerere, mwenyewe alikuwa mwalimu wa kusomea: stashahada ya ualimu ya Makerere, akafundisha Tabora, baadaye Pugu, akaiacha chaki mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Jina la Mwalimu hakuliacha.

Kisha ikaja haraka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, ilhali mpango wa awali ulikuwa 1989. Walimu makumi ya maelfu watoke wapi? Vyuo visingewabeba hata wakilala watatu kitanda kimoja. Ikatafutwa njia: vijana waliomaliza darasa la saba wakawekwa madarasani moja kwa moja, wakafundisha huku wanasoma kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, chini ya waratibu waliopita vituoni. Hao ndio walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nchi iliwacheka, na haikuwa haki kuwacheka. Walisimama pale ambapo bila wao pasingekuwa na mtu. Lakini nimefanya kazi nao, na ninajua walichokosa: mratibu mmoja na vituo vingi, mvua ikinyesha hafiki. Kukawa na watoto darasani, na dawati la nyuma halina mtu.

Haraka ya pili ilikuwa ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mafunzo ya miaka miwili chuoni yakakatwa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni. Kwa maandishi ilikuwa safi, maana mwaka wa shuleni ulikusudiwa uwe wa mazoezi chini ya uangalizi. Shuleni mwalimu mkuu alimpokea mwanachuo kwa shangwe, akampa darasa zima, naye akashukuru kupata nafasi ya kupumua. Sekondari nazo, wakati wa MMES, mpango kama huo wa sekondari, kati ya 2004 na 2009, zilizidi mara tatu kwa wanafunzi, na vijana wa kidato cha sita wakaingizwa kufundisha kwa leseni baada ya mafunzo ya wiki chache. Watu wakawaita "voda fasta". Wakati huohuo, mwaka 2005, vyuo vya Chang'ombe na Mkwawa vilivyokuwa vikiandaa walimu wa stashahada viligeuzwa vyuo vikuu vishiriki, na upande wa Unguja chuo cha Nkrumah cha Beit-el-Ras nacho leo kimo ndani ya chuo kikuu cha SUZA.

Unaona mtindo? Kila mara nchi yetu ilipokuwa na haraka, ilikata kitu kile kile. Vitabu vilipunguzwa kidogo, mihadhara ilibaki, mitihani ilibaki. Kilichoondoka ni mtu wa kukaa nyuma na kuangalia, kwa sababu ndicho ghali: mkufunzi, usafiri, posho, na muda wa kuzungumza baada ya kipindi. Haraka zenyewe sizilaumu. Mimi ningekuwa waziri mwaka 1974, sijui ningefanya tofauti gani.

Tuje kwenye "kimbilio la waliokosa". Hapa timu yangu ilifungwa. Milango mingine ilipofunguka, vijana wenye alama kubwa walikwenda huko, na kulikuwa na miaka ambayo astashahada ya ualimu ilipokea mpaka daraja la nne. Nimewafundisha. Wapo waliotoka walimu wazuri kunishangaza, na wapo ambao niliwasahihishia sehemu za desimali wiki tatu badala ya kuzungumza namna ya kuzifundisha. Baadaye sifa ikapandishwa. Binti yako mwenye daraja la tatu haingii kwa mlango wa nyuma, na tofauti kubwa zaidi ni kwamba anataka. Mwanachuo aliyekuja kwa sababu jina lake limepangwa, na mwingine aliyekuja kwa sababu anapenda watoto wa darasa la kwanza, nawatofautisha wiki ya pili kwa kuangalia tu nani anakuja na zana alizotengeneza mwenyewe.

Na hiyo njia ya kidato cha tano? Si mbaya hata kidogo, ila ni njia ya kwenda mahali pengine. Chuo kikuu kwa kawaida humwandaa mwalimu wa sekondari: somo lake linachimbwa kwa kina, mihadhara ni ya mamia ya watu, na mazoezi ya kufundisha ni wiki chache kwa vipindi vya likizo. Binti anayetaka kumfundisha mtoto wa miaka sita kutofautisha "ba" na "da" hatajifunza hivyo kwenye ukumbi wa mihadhara. Kufundisha kusoma ni utaalamu wa peke yake. Mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukwama, ukiziba picha kwa kiganja ananyamaza, kwa sababu alikuwa amekariri hadithi. Mwalimu asiyejua kuziba picha atampa alama zote. Upande wa pili wa mizani, mwenye shahada ana mshahara wa kuanzia mkubwa zaidi na ngazi ndefu ya kupanda. Lakini anayeanza na chuo hajajifungia: wengi wamekwenda kujiendeleza baada ya miaka kadhaa kazini, nao chuo kikuu huwafaa zaidi kwa sababu wanakwenda na maswali. Ningekuwa na mtoto mwenye alama za kumwingiza kidato cha tano ambaye bado hajui anachotaka, ningemwambia aende kidato cha tano. Wako anajua.

Jambo ambalo lazima nikuambie waziwazi ni ajira. Zamani cheti cha ualimu kilikuwa ni barua ya kupangiwa kituo. Siyo tena. Serikali hutangaza nafasi kwa mafungu, mathalani nafasi 13,130 za walimu mwaka 2023, na wahitimu waliorundikana miaka ya nyuma ni wengi kupita nafasi. Sasa kuna hata usaili wa walimu chini ya Sekretarieti ya Ajira. Kwa hiyo uwe tayari kwamba binti yako anaweza kumaliza akakaa mwaka, miwili au zaidi akijitolea, au akafundisha shule binafsi kwa mshahara wa kubana. Kama familia inategemea aanze kulipa ada za wadogo zake mara tu akihitimu, lizungumzeni sasa mezani, msije mkalaumiana baadaye.

Mkiamua aende, usichague kwa jina wala kwa rangi ya mageti. Nenda ukakione chuo, siku ya masomo, bila kutoa taarifa ya wiki nzima. Uliza kimesajiliwa na nani na cheti cha mwisho kinatolewa na nani. Kama majibu yanazunguka, ondoka. Halafu uliza swali ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ni wiki ngapi, na katika wiki hizo mkufunzi anakaa nyuma ya darasa la mwanachuo mara ngapi? Waache wajibu, kisha toka nje umuulize mwanachuo wa mwaka wa pili swali hilo hilo. Kwenye chuo kizuri majibu mawili yatakaribiana. Uliza shule ya mazoezi iko wapi, yaani shule ya msingi ambayo wanachuo huingia kufundisha na kuangalia. Ikiwa ukutani kwa ukuta na chuo, ni baraka. Omba kuona andalio la somo lililokwisha kusahihishwa. Kama limejaa alama za vema bila neno hata moja pembeni, mkufunzi hakulisoma. Maktaba yenye vumbi siyo nzuri, lakini naweza kuivumilia kuliko andalio lisilosomwa.

Vyuo pia vina vipaji vyake. Patandi, Arusha, kinajulikana kwa elimu maalumu. Kama binti yako anavutwa na watoto wasioona au wasiosikia, huko ndiko kwa kuulizia. Butimba, Mwanza, kina jina katika sanaa, muziki na michezo. Babu anaposema vyuo vya leo ni majengo tu, viko vinavyostahili neno hilo, na viko ambavyo akipelekwa akakaa nyuma ya darasa asubuhi moja, atatulia.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Masharti ya kujiunga, ngazi za astashahada na stashahada na muda wa mafunzo vimebadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mtu yeyote, ikiwemo yangu: soma tangazo la Wizara ya Elimu la mwaka huu, na likikutatiza, chukua matokeo ya binti uende ofisi ya elimu ya halmashauri yako ana kwa ana. Afisa elimu kata naye atakusaidia, na hatakudai chochote. Anayekudai hela ya "kusaidia nafasi" si wa kusikilizwa. Ikiwa binti ana tatizo la kusikia, kuona au sauti inayokatika akiongea muda mrefu, amwone daktari kabla ya kuripoti, kwa maana sauti ndiyo chombo chetu na nimewaona waliolazimika kuacha. Na kama baada ya miezi miwili chuoni atakuambia analia usiku, usimwambie avumilie tu. Nenda ukaonane na mlezi wa wanachuo.

Kabla ya yote hayo, mpeleke kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nanyi, mumwombe ruhusa akae wiki moja kwenye darasa la kwanza, si kufundisha, kukaa tu nyuma na kutazama. Aende na daftari. Ijumaa jioni muulize ameona nini. Akianza kukuhadithia watoto kwa majina, mmoja mmoja, yupi anashika penseli kwa ngumi na yupi anasoma kwa kufuata midomo ya jirani yake, andaa nauli ya kwenda chuoni.